Rurik na Kipima Joto cha Moshi

Långsel, Norrbotten,
9 Machi 1994.

Mpendwa Mjomba Evald,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama Dagny hamjambo, na kwamba goti lako halikusumbui sana katika baridi ya huko Kanada. Huku tunaendelea kupumua. Ziwa bado ni gumu kama chuma, na theluji imefika madirishani kwenye ghala la kuni.

Usishangae kuona mwandiko wangu umelala chali. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa plasta mpaka kwapani. Nakutangulizia hili usije ukashikwa na moyo: hakuna aliyekufa. Ilibaki kidogo, lakini hakuna aliyekufa. Mama yupo, anakula, anafuma soksi zake. Sixten yupo. Rurik naye yupo, ila hayupo nyumbani.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba Sixten alianguka kwenye barafu akapoteza sikio la kushoto. Ndivyo nilivyoambiwa niandike. Sasa sikia ilivyokuwa. Siku ya mashindano ya magari juu ya barafu ya ziwa Rurik alikuwa anaendesha, na Sixten ndiye aliyeitengeneza injini. Katika mzunguko wa mwisho pistoni iliyeyuka, gari likasimama katikati ya barafu likitoa moshi mweupe. Rurik akashuka, akavua kofia yake ngumu, akamfuata mdogo wake mbele ya kijiji kizima, akamtwanga nayo kichwani. Akarudia. Damu ilimtoka Sixten sikioni ikaganda kwenye kola. Kwa daktari, Mama alisema mtoto kateleza. Sixten, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, akatazama sakafu, akaitikia.

Basi mwaka huu nikasema gari hilo halitoki karakana mpaka nilifunge kipima joto cha moshi. Wewe ulitufundisha matrekta, Mjomba, na matrekta yale hayakuwa na turbo. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi na petroli ikiwa haba, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na dereva hajui lolote mpaka pistoni iwe uji. Lakini moshi unaotoka haufichi kitu. Ukiuchomekea kipimo palepale unapotoka kwenye injini, kabla haujafika kwenye turbo, mshale unakuonyesha kinachokuja.

Rurik alinicheka. "Dada fundi! Utanipimia na homa?"

Nililifungua lile bomba zito linalokusanya moshi wa silinda zote, nikalitoa nje kabisa. Wapo wanaotoboa likiwa palepale kwenye gari, halafu chenga za chuma zinaingia kwenye turbo na kuyasaga mapanga yake. Mimi nililiweka mezani. Nikatoboa polepole na mafuta, nikakata nyuzi za skrubu, nikapitisha sumaku, nikapuliza, nikaosha, nikapitisha sumaku tena. Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba kama msumari mrefu. Ncha yake nikaiacha ifike katikati ya bomba, moshi unapopita kwa nguvu. Waya nikaupitisha mbali na joto mpaka kwenye saa ya mshale wa joto niliyoifunga mbele ya dereva. Sixten alikuwa ananishikia taa. Alikaa upande wangu wa kushoto, ndipo anaponisikia kwa sikio lake zima. Tulicheka sana siku ile, Mjomba. Nataka ujue kwamba tulicheka.

Siku ya kulijaribu Rurik alinyakua ufunguo kama kawaida yake. Nikaketi pembeni yake, tukashika barabara ya kiwanda cha mbao, iliyonyooka. Mwanzoni mshale ulitulia vizuri. Akakanyaga. Digrii mia nane. Mia nane na hamsini.

"Achia mguu, kaka," nikamwambia.

"Niachie nini? Ndiyo kwanza anaamka!"

"Mia tisa, Rurik! Inapanda haraka mno. Achia, unayeyusha pistoni!"

"Nyamaza! Hicho kidude chako kinadanganya kama wewe."

Mshale ukavuka mia tisa na hamsini. Nikanyoosha mkono nikazima swichi. Gari likaserereka, likaingia pua kwenye theluji ya kando ya barabara. Rurik akaanza kuipiga saa ile ngumi, moja, nyingine, mpaka kioo kikapasuka kikamwingia kwenye vidole. Na kwa ngumi ileile yenye vioo akanipiga mdomoni.

Aliliwasha tena, akalirudisha nyumbani kwa hasira, akikanyaga kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Mimi nilikuwa namimina damu kwenye mtandio. Tulipoingia karakana, akafungua boneti ili aking'oe kipimo. Turbo ilikuwa nyekundu kama kaa la moto.

Sixten alikuwa ndani anapanga matairi. Akaniona.

"Nani kakufanya hivyo, dada?"

Rurik akajibu mwenyewe: "Mimi. Vipi, unataka na sikio la pili?"

Sixten hakumtazama. Aliinama kwenye injini, akaangalia ile skrubu ndogo inayoamua turbo isukume hewa kiasi gani. Yeye huipaka rangi nyeupe ili ajue ikiguswa. Rangi ilikuwa imekatika.

"Umeikaza," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Umeikaza tena kwa siri. Hata mwaka jana ni wewe. Uliiua injini mwenyewe, halafu ukanipiga mimi."

Kunya anye kuku, Mjomba, akinya bata kaharisha. Hivyo ndivyo tulivyoishi na Rurik tangu utoto, na siku ile ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwambia usoni. Akaokota nondo ya kufungulia matairi. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akailenga kwenye kichwa cha Sixten, upande ule usiosikia. Sijui niliwaza nini. Nilijikuta nimeingiza mkono wangu. Mfupa ulilia kama tawi kavu.

Sasa Sixten akageuka mtu nisiyemjua. Yule mpole wetu, anayewatoa panya mtegoni na kuwaachia msituni! Alimrukia Rurik, wakaanguka juu ya injini iliyo wazi, kiganja cha Rurik kikakaa juu ya turbo. Ulisikika mlio kama nyama inayotupwa kwenye kikaango. Harufu yake bado ninayo puani. Rurik alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwa binadamu. Sixten hakumwacha. Alimwangusha sakafuni, akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mikono miwili.

"Sema tena! Sema sikio la pili! Sema!"

Angesemaje na koo limebanwa? Uso ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau. Miguu ilirusha mateke, kisha ikapunguza, kisha buti moja ikawa inatikisika tu.

Nilimwita Sixten. Nilikuwa upande wa kushoto kwake; hakunisikia. Nikashika koleo la theluji kwa mkono mmoja nikampiga mgongoni. Hakuachia. Nikampiga kichwani, Mjomba, mdogo wangu ninayempenda kuliko roho yangu, ili nimwokoe yule aliyetoka kunipasua mdomo na kunivunja mkono. Akaanguka ubavu. Rurik akavuta pumzi, ikamwingia kwa mkoromo kama wa nguruwe anayechinjwa.

Nilipoinua macho nilimwona Mama mlangoni, na ndara zake za ndani kwenye theluji. Nilijua atakachosema, maana ndicho alichokuwa akisema siku zote: haya ya nyumbani yabaki nyumbani. Akatutazama mmoja mmoja. Akageuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, nami nikamsikia:

"Naitwa Hilma Nordvall. Mwanangu Rurik amemvunja dada yake mkono. Mwaka jana aliliua sikio la mdogo wake, na mimi nikamdanganya daktari. Njooni mmchukue."

Kisha akarudi na ndoo ya maji baridi, akapiga magoti, akamtia Rurik kiganja chake ndani ya maji, akamshikilia hivyo mpaka polisi walipofika.

Vidole viwili vya Rurik havitakunjika tena. Yuko mahabusu mjini, kesi ni mwezi ujao. Sixten naye walimhoji sana kabla ya kumwachia, naye hakuficha kitu. Aliwaambia waziwazi, "Nilikuwa nataka afe." Alipokuja kuniona hospitali alikuwa na nundu kichwani kama yai. Akakaa kitandani, akaniuliza, "Na kama ungechelewa kidogo?" Nikamwambia, "Sasa hivi ungekuwa muuaji." Akaegemeza paji lake kwenye plasta yangu akalia mpaka nesi akatoka nje kutupisha.

Jumamosi iliyopita alishindana ziwani. Injini ilikuwa nzima. Alikuwa ameilegeza ile skrubu na kubadilisha kioo cha saa. Alitoka wa nne, na aliposhuka hakuuliza nani wa kwanza, alinipigia kelele kutoka mbali, "Haikufika mia tisa!" Watu wakamwona kichaa.

Nije kwenye jambo lililonikalisha hapa. Wakili wetu amenong'ona kwamba Rurik huenda akaachiwa asubirie kesi nje, na kwamba atakuandikia umtumie nauli aje kwako. Namjua, atakuandikia vizuri, maana akitaka kitu ulimi wake ni asali. Atasema tumemwonea.

Mimi ningekuomba umkatalie, lakini neno langu ni la mtu mwenye mkono uliovunjika, huenda lina uchungu. Chukua la Mama. Jumapili alioka mikate ya iliki, akapanda basi, akampelekea mahabusu. Alikaa naye saa nzima, akammegea mkate, kwa kuwa mkono wake hauwezi. Aliporudi alivua koti akaniambia: "Mwandikie kaka yangu. Mwambie Rurik ni mwanangu na nitamlisha mpaka nife. Lakini asimfungulie mlango. Mtu aliyepiga watu hapa, asimame hapa aulizwe."

Mpe Mama Dagny mkono wangu mzima. Wasalimie Torgny na Alfhild na watoto wao ambao bado sijawaona. Sixten anakusalimu, na Mama anasema uvae kofia. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, awape usingizi wenye amani, nasi atupe nguvu ya kukaa mahakamani bila kuinamisha macho.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,

Gunvor