Kamba ya Hatua ya Tatu

Tarehe 2 Machi

Mjukuu wangu Fundi,

Kuna sentensi moja nimeificha miaka hamsini na mitatu. Ni ya siku aliyokufa kaka yangu, babu yako mzaa baba. Ni fupi, ina neno moja tu, na nimeamua kukuandikia wewe kabla moyo huu haujasimama. Lakini salamu kwanza, nisiingie kwa watu kupitia dirishani.

Hujambo? Baba yako hajambo? Mimi sijambo kiasi. Miguu imevimba na pumzi inaniishia nusu ya maneno.

Kurasa za gemu yako zimefika hapa wodini. Uliniomba nisahihishe Kiswahili chake tu, nikadhani ni kazi ya asubuhi moja. Leo siku ya nne na sielewi kitu. Umeandika, "Mvuvi anaruka kutoka jukwaa hadi jukwaa." Jukwaa ninalolijua mimi ni la wanasiasa. Nilimsomea jirani yangu wa kitanda cha pili, dereva mstaafu, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio.

"Mwalimu," akasema, "huyo anavua samaki au anavua kura?"

Halafu mvuvi wako ana maisha matatu. Anakufa, anaamka, anaendelea kuvua. "Na samaki je," dereva akauliza, "wana maisha mangapi?"

Kisha nikafika hatua ya tatu. Ukuta wa bwawa. Ndugu wawili wamefungwa kamba moja, mmoja juu, mwingine ananing'inia. Chini umeandika: "Kamba imekatika. Jaribu tena." Nimeisoma mara nyingi na sikuona kosa la sarufi. Ila nieleze: nani hapo anaambiwa ajaribu tena?

Muuguzi amekuja na sindano. Ile sentensi itangoja.

Wako,
Babu Mdogo

---

Tarehe 6 Machi

Shikamoo Babu Mdogo,

Pole na miguu. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu sana, anasema usile chumvi kwa siri.

Jukwaa kwenye gemu ni chochote cha kusimamia: jiwe, boya, ukingo wa ukuta. Gemu yenyewe ni bapa, kama mchoro. Mvuvi unamwona ubavu tu. Anakwenda kushoto, kulia, juu na chini, basi. Hawezi kwenda nyuma ya kitu akajificha. Anatupa ndoana, inanasa juu, anabembea mpaka jukwaa la pili, samaki wakubwa wanamrukia naye anawapiga kwa fimbo ya kuvulia. Mwambie dereva samaki wana maisha moja moja. Maskini wao.

Anayeambiwa "jaribu tena" ni mchezaji, Babu, yule aliyeshika simu.

Unajua gemu hii ni ya kumkumbuka Babu Mkubwa, ambaye hata Baba hakumbuki sura yake. Kwa hiyo hatua ya tatu nimeitengeneza kama ulivyotusimulia tangu utotoni: kamba inakatika yenyewe, anazama. Lakini mchoraji ninayefanya naye kazi amenikalia kooni. "Fundi, kwenye gemu hakuna kinachokatika chenyewe. Mtu akianguka bila kujua kosa lake, anafuta gemu siku hiyohiyo." Ana haki. Lazima niweke sababu. Kamba ilikuwa imeoza? Ilisuguliwa na ukuta? Au ndugu wa juu nimpe kitufe cha KATA, pembeni ya VUTA? Nimekiweka kwa majaribio, kipo ukurasa wa tisa.

Tarehe kumi Aprili tunawaonyesha watu wanaoweza kuichukua gemu hii, na kabla ya hapo Baba atakuwa mchezaji wetu wa kwanza. Nijibu haraka.

Na hiyo sentensi ya neno moja ni ipi? Umenichanganya.

Mjukuu wako,
Fundi

---

Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Samahani, mjukuu wangu. Jana nilimwita muuguzi kwa jina la baba yako, naye akaitika, sijui kwa huruma au kwa kuchoka. Vidonge hivi vipya vinanichanganyia siku. Mpira wa dripu ukining'inia mbele ya macho yangu huwa nadhani ni kitu kingine.

Hamjambo lakini? Nami nipo.

Kamba haikuoza. Ilikuwa mpya, ya nailoni ya buluu, niliinunua mwenyewe wiki ileile. Tulikuwa tukienda bwawani kila Jumamosi, yeye akitoka karakana yake ya kuchomelea vyuma, mimi nikitoka kusahihisha madaftari. Siku hiyo ndoana yake ilinasa kwenye nondo chini ya ukuta. Nikamwambia, "Achana nayo, tutanunua nyingine." Akanijibu, "Wewe mwalimu bwana, kila kitu kwako ni cha kununua." Akajifunga kamba, ncha ya pili akanifunga mimi kiunoni, akashuka. Juu yetu wafanyakazi wa bwawa wakafungua lango la maji, hatukuwa na habari.

Andika ilisuguliwa na ukuta. Ingawa ukuta ulikuwa na ukoga, laini kama sahani. Sijui. Andika unavyoona.

Kitufe cha KATA nimekifuta kwa wino mwekundu. Kiondoe. Acha VUTA peke yake. Usiniulize sababu.

Babu Mdogo

---

Tarehe 19 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini vidonge vimekuzoea. Sisi wazima, ila nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo.

Nimefanya ulivyosema. Nimeondoa KATA nikabakiza VUTA, kamba nikaiacha mpya na ukuta laini, kama ulivyoeleza. Jumapili Baba akacheza. Unamjua akishika kitu, hasikii njaa wala simu. Hatua ya kwanza alipita, ya pili alipita huku akiwatukana samaki. Hatua ya tatu akavuta, maji yakaja, yule wa juu akateleza, wote wawili wakaanguka. Akarudia. Amerudia mara kumi na tisa, Babu. Mchoraji akamwambia, "Mzee, acha tu, haipitiki." Baba akasema, "Lazima ipitike. Baba Mdogo alipita."

Kisha akaiweka simu mezani. Akaniuliza, "Sasa Baba Mdogo alipona vipi?"

Nilirudia hesabu zote za gemu nikidhani nimekosea: uzito, maji, utelezi. Sijakosea. Ukifungwa kamba nzima na mtu anayekwenda na maji, unakwenda naye.

Baba hakurudia swali. Tangu siku hiyo hajaigusa gemu. Nami siwezi kuwaonyesha watu gemu isiyopitika, wala siwezi kumtazama Baba bila jibu.

Babu, ulipona vipi?

Mjukuu wako,
Fundi

---

Tarehe 4 Aprili

Mjukuu wangu mpendwa,

Hamjambo nyote? Mimi siulizwi tena kama sijambo. Daktari akipita hapa anasalimia faili.

Najua nimekuweka siku kumi na sita. Mara tano nimeandika barua hii, mara tano nikampa dereva aichane, bila kusoma. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeendesha lori miaka thelathini, najua mtu anayezunguka mzunguko mmoja akitafuta pa kutokea." Leo nitaandika polepole, maana leo kichwa kiko wazi, na sijui kesho kitakuwaje.

Maji yalipokuja, kaka yangu alikuwa bado kwenye nondo. Yalimfika kifuani, yakamnyanyua. Nikavuta. Akapanda kidogo, nikauona uso wake vizuri. Nikavuta tena. Viatu vyangu vilikuwa vya shuleni, soli laini, vikaanza kuserereka kwenye ule ukoga kuelekea ukingoni. Kisu cha chambo kilikuwa mfukoni mwa shati.

Miaka yote nimejaribu kukumbuka kwamba alisema "Kata." Ningeweza kukuandikia hivyo, nani angebisha? Mara nyingine, usingizi ukiwa karibu, huwa namsikia kabisa akisema hivyo. Lakini hakusema. Alisema, "Vuta, mdogo wangu." Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo. Aliniamini.

Watu walipofika wakauliza imekuwaje, nikajisikia nikijibu, "Imekatika." Nilikuwa mwalimu wa sarufi, Fundi. Nilijua ninachofanya. Kitenzi kile hakina mtenda. Kamba inakatika, kikombe kinavunjika, mlango unafunguka, na hakuna mtu ndani ya sentensi. Kwa neno hilo nikaingia nyumbani kwa kaka yangu, nikamkuta baba yako ana miaka miwili, nikamlea. Alinipenda kupitia neno hilo.

Sasa wewe umetengeneza ukuta usio na pa kujificha nyuma yake, na baba yako ameanguka pale mara kumi na tisa kwa sababu alikataa kuamini kwamba hapapitiki.

Rudisha kitufe. Panapitika kwa kitufe hicho tu. Na mchezaji akikibonyeza, ujumbe usiwe "Kamba imekatika." Iwe, "Umeikata kamba." Yale maneno "Jaribu tena" yafute, hayo ndiyo masahihisho yangu pekee. Barua hii mpe baba yako aisome mwenyewe, usimsimulie. Akitaka kuja, kitanda ni kilekile. Asipotaka, usimlazimishe.

Kila mwaka nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba Kiswahili kinaweza kuweka sentensi nzima ndani ya neno moja: mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. Katika neno langu irabu i inafuatana mara mbili. Wengi huandika moja, nami ningewapigia mstari mwekundu, kwa sababu ile ya pili ndiyo kamba yenyewe. Mfano huo sikuwahi kuutumia darasani hata siku moja.

Natia sahihi hapa, kwa kuwa baada ya neno hilo sitaki kuandika kingine.

Babu yako Mdogo

Niliikata.