Pazia la Mkwaja

Alhamisi, 2 Juni 1955

Leo nimekubali kazi ambayo hakuna fundi Tanga hii angethubutu. Nimekubali kwa mdomo, mbele ya watu, basi imekwisha.

Ilikuwa hivi. Badr wa studio, Barabara ya Nane, kaniita nimwandikie jina upya kwenye ubao. Nikamwandikia. Herufi zangu zinajulikana toka Maramba mpaka Pangani, lori lisilo na mkono wangu ubavuni halijioni lori. Mpwa wangu Saleha nilikwenda naye, akaone pazia ambalo atapigiwa picha ya harusi. Pazia la Badr sote tunalijua: milima ya barafu, ziwa, na nyumba yenye paa la kuchongoka. Tanga nzima imepigwa picha kwenye baridi. Hata mama yake Badr yumo, kajitanda buibui lake, barafu nyuma.

Saleha akalitazama sana. Akasema: Mjomba, mimi hapa sipajui. Nataka nipigwe Mkwaja, kwa mama.

Badr akacheka. Akasema mwambie mjomba wako akupakie, si ndiye aliyemfundisha Mtaliana kuchora?

Nikasema ndiyo. Nitampakia Mkwaja, na barafu yako utakwenda kuifungia samaki.

(Habari ya Mtaliana ni kweli tupu. Wakati wa vita, kambi ya wafungwa huko Kenya, mimi jikoni. Alikuwa anapaka ukuta wa kanisa lao. Nikamwambia haya mawingu mazito, yatawaangukia. Akayafuta. Hiyo kama si kufundisha ni nini?)

Saleha ni mtoto wa dada yangu Semeni. Semeni kafariki Mkwaja, mtoto ndiyo kwanza anashika kuta kutembea. Picha yake hatuna, hata moja. Tumemlea sisi hapa Mabawa, mimi na Kijakazi mke wangu. Akishaolewa meli inamchukua, Unguja. Sasa picha itapigwa Jumatano ya tarehe 22, maana kesho yake somo wake, kungwi wa kumfunda, anamweka ndani, na akishawekwa ndani hatoki mpaka ndoa.

Muda upo. Kwa mtu kama mimi, unazidi.

Jumamosi, 4 Juni

Marikani, kitambaa cha pazia, imepatikana. Kijakazi kaiunga kwa cherehani, imekuwa pana kuliko ukuta wa sebule. Tumeitundika uani, nimeipaka uji wa muhogo ikakakamaa kama kanzu ya Idi.

Kijakazi kaniuliza: wewe umepata kuchora nini, zaidi ya herufi? Nikamwambia M ni milima miwili imesimama. Akasema haya, chora M, mtoto akaolewe.

Saleha kaleta chai, kaanza kunipangia. Minazi. Nyumba ya babu. Kisima. Halafu akasema: na mlima, mjomba, usije ukausahau mlima. Ule uliokuwa unaziba jua mapema, mama akawa anawahi kuanika asubuhi.

Nikasema naam, mlima.

Sasa — Mkwaja hakuna mlima. Kuna mchanga, minazi, mikoko kule mtoni, na kichuguu kimoja nyuma ya nyumba ya baba. Mlima nimeuleta mimi. Alikuwa mdogo, hataki kulala, analia, ningemletea kichuguu? Nikamletea mlima. Siku ya pili akataka zaidi, nikapandisha chui. Siku nyingine maporomoko ya maji, sultani anakuja kuoga. Ilikuwa hadithi nzuri sana ile, sijapata kusikia nzuri kama ile.

Lakini kuuchora ni jambo jingine. Nikiuchora nimemdanganya kwa rangi, na rangi haipotei kama maneno. Nisipouchora atauliza uko wapi.

Jumatatu, 6 Juni

Katika chumba cha uani kwetu kapanga mwalimu Ernesti, Mbondei wa kwao Magila, kijana mpole, anafundisha watoto kuchora. Ana kitabu kikubwa cha picha. Leo nimemwendea, si kwa kuomba msaada, nimekwenda kuhakikisha.

Ernesti anasema zamani huko Ulaya nchi haikuwa na picha yake yenyewe. Walichora mtakatifu, mkubwa, kajaza mlango, halafu nyuma yake, kuziba nafasi, kijito na vilima viwili. Nikamwambia basi ni pazia la Badr hilo. Akasema mzee Uweso, hasa, ni pazia la Badr.

Akafunua. Kila akifunua watu wanapungua kimo. Hapa mtakatifu kafika nusu ya mti. Hapa yuko ng'ambo ya mto kama sisimizi, lazima uonyeshwe. Hapa hayupo mtakatifu, yupo mchunga ng'ombe tu, katupa mgongo. Na mwisho hakuna mtu kabisa. Mbingu, mawingu, na ardhi chini nyembamba kama pindo la shuka. Hao Waholanzi, anasema, nchi yao bapa kama sinia, wakaona isiwe tabu, wakachora mbingu.

Nikasema hata Mkwaja bapa. Halafu nikauliza kwa ujanja: na fundi akiongeza mlima usiokuwepo?

Ernesti akasema wengi walifanya hivyo. Mti wa huku, gofu la jumba la kule, mto wa kwingine kabisa, wanapanga wamekaa ndani kwao hata nje hawajatoka. Na wakasifiwa, na vitabu vimeandikwa.

Kumbe miaka yote hii nimekuwa nachora nchi kwa mdomo, na wanaonicheka barazani ni kwa kuwa hawakusoma.

Kwa kinyozi nimewaeleza yote. Nimeongeza kidogo tu, kwamba yule Mtaliana wangu babu yake alikuwa mmoja wa hao.

Alhamisi, 9 Juni

Siku tatu natia rangi. Bahari ya samawati kama ya peponi. Minazi kijani kibichi. Udongo mwekundu. Majirani wamepita kutazama, wameguna, sijui wameguna vipi lakini wameguna.

Jioni kaja Badr. Kasimama. Kasema: Uweso, nzuri. Kasema tena: Uweso, kamera yangu haioni rangi. Samawati yako itatoka nyeupe kama tui, na udongo wako mwekundu utakuwa shimo jeusi, bibi harusi kasimama mdomoni mwa kaburi. Pazia la picha hupakwa kijivu, bwana. Hujui?

Nikamwambia najua. Nilikuwa najaribu kitambaa.

Ijumaa, 10 Juni

Mvua. Nimegeuza marikani upande wa pili. Sikula mchana. Kijakazi kaniwekea sahani na kuifunika na kawa.

Jumapili, 12 Juni

Ernesti karudi kanisani kaja moja kwa moja na kitabu, hata koti hajavua. Kasema nimekukumbuka wakati wa mahubiri, mzee. Nikamwambia Mungu amsamehe.

Kafunua Wachina. Hawa walichora milima zamani sana, wakati huko Ulaya bado vilima vinaziba nafasi. Na hawana rangi! Wino mweusi na maji, basi. Milima mirefu, na katikati yake ukungu. Nikamwuliza ukungu wameupaka na nini? Akasema hawakuupaka. Ni pale walipopaacha.

Hilo limeniingia. Mtu anajulikana fundi kwa pale alipopaacha.

Nimekwenda jikoni nimekwangua masufuria. Masizi, chokaa, uji wa muhogo, maji. Kijakazi kasema leo ndiyo nimepata mume mwenye akili, masufuria yanang'aa. Kufika alasiri minazi imesimama. Haifanani na minazi ya Wachina. Ni ya Mkwaja, ile iliyolalia upande mmoja, Semeni alikuwa anaikalia kama punda.

Nyumba ya babu imetoka. Kisima kimetoka. Mahali pa mlima nimepaacha kwanza.

Jumanne, 14 Juni

Nimemzuia Saleha asije uani mpaka siku yenyewe. Anapita nyuma ya ua na kuongea na mimi kwa sauti. Leo kasema: Mjomba, nina ombi. Mtie na mama. Mdogo tu, kama kidole, mbali, anaanika. Uso usiuchore.

Nikavaa kofia nikaenda kusali alasiri, na baada ya sala nikamngoja Shekhe Idarusi, yeye ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni, na fimbo zake bado nazijua.

Kasema: miti chora, milima chora, maji chora. Chenye roho mwachie aliyekiumba. Halafu akanishika bega, kaniambia huko Shamu, kwa Waarabu, upo msikiti wa zamani mno, kuta zake zimepambwa miti na mito na majumba, mji baada ya mji, na huoni mtu hata mmoja. Waliofika wanasema ukisimama pale unahisi wenyewe wametoka sasa hivi. Kasema na huyu wa kwako, Uweso, ni marehemu. Mwache alale.

Hilo la Shamu halimo kitabuni mwa Ernesti. Nitamwambia.

Nimemweleza Saleha. Kasema haya mjomba, shekhe kasema. Basi. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Ijumaa, 17 Juni

Nimepata! Na hakuna aliyenifundisha, aseme nani aseme nini.

Nilikuwa nawaza wale watakatifu wa Ernesti wanavyopungua, wanapungua, mpaka wanatoka kwenye picha yao. Nikajiuliza wamekwenda wapi. Nchi imebaki, na njia waliyopita imebaki.

Nimechora kamba, kutoka mnazi mpaka pembe ya nyumba. Kwenye kamba nimeanika kisutu cha Semeni, kanga yake ya harusi, kila tone lake nalijua, mimi ndiye niliyetumwa dukani nikakileta kichwani. Upepo umekishika. Pembe moja imetundikwa. Pembe ya pili bado, imening'inia chini. Beseni liko pale, na nguo nyingine ndani haijakamuliwa. Kama mtu kaingia ndani mara moja kuangalia mtoto.

Mtu hayumo: simo mimi, hayumo yeye, hayumo yeyote. Shekhe na aje atazame.

Kaja Kijakazi na kibao cha mbuzi mkononi, tayari kunitania. Kasimama mbele ya pazia. Kasimama. Kasema: kaenda wapi?

Halafu karudi jikoni. Nazi hakukuna mpaka baadaye sana.

Jumatatu, 20 Juni

Kila kitu tayari ila mlima. Pale pamebaki peupe. Nikitazama kama Mholanzi, pazuri vilevile, mbingu tupu. Ndiyo Mkwaja ilivyo. Picha itakwenda Unguja, itawekwa ukutani kwa mume, atakuja mtu anayeijua Mkwaja aseme mlima huu umetoka wapi, bibi? Aaibike mtoto wa watu ugenini kwa ajili ya mdomo wangu.

Nikamwita Saleha, yeye upande ule wa ua, mimi huku. Shikamoo mjomba. Marahaba. Nikaanza: mwanangu, habari ya ule mlima...

Akasema: najua.

Unajua nini?

Akasema: si tulikwenda Mkwaja na shangazi Kijakazi, matanga ya bibi? Nilizunguka nyumba nzima nautafuta. Nikakuta kichuguu.

Nikamwambia mbona hukusema siku zote hizi.

Akasema: ungeuondoa.

Nimekaa chini pale pale kwenye bakuli la chokaa, nimechafua kikoi. Yeye akaendelea, kama anaagiza kitu sokoni: uweke, mjomba. Na chui kama ana roho basi muache, lakini mlima uweke.

Nimeuweka. Masizi mepesi, maji mengi, na ukungu katikati pale nilipopaacha. Ni mlima mkubwa. Sijapata kuona mkubwa kama ule, na mimi nimeuona Kilimanjaro kwa karibu, nusura niuguse.

Jumatano, 22 Juni

Naandika hapa hapa studio, kwenye benchi, kwa penseli. Jana nimerekebisha kile kisutu, weusi ulikuwa haukolei. Pazia tumelibeba asubuhi mimi na Ernesti, limezungushwa kwenye mti kama jamvi. Badr kateremsha barafu yake, katundika Mkwaja. Kazima sigara yake, Badr huyo, ambaye hazimi sigara hata kwa kadhi.

Ernesti kasimama mlangoni, kanong'ona: mzee, hii ingewekwa kitabuni. Nikamwambia kitabu hakitoshi upana.

Saleha kaingia na Kijakazi. Kafunua buibui. Kavaa kisutu kipya, kile cha kwake. Badr kaingia ndani ya kile kitambaa cheusi cha kamera, katoa mkono, kamwonyesha: simama hapo, bibi harusi, nitazame mimi.

Kasimama. Hakumtazama yeye. Kageuka.

Badr kasema tena, huku mwanangu, huku. Kijakazi kasema mwache. Badr kasema jua linaondoka dirishani. Kijakazi kasema liondoke.

Bado kageuka. Mgongo wake kwetu, mlima juu yake. Sasa anatembea. Kafika kwenye ile kamba niliyoichora. Kainua mkono, kaishika ile pembe isiyotundikwa, anaipandisha, kitambaa chote kinatikisika na minazi yake. Pale ndipo niliporekebisha jana, hapajakauka, masizi yatamjaa vidoleni. Badr katoa kichwa nje, ananitazama mimi, nimwambie mpwa wangu ageuke.

Mimi naandika.