Damu ya Askari wa Mpira

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza kazi ya usafi kwenye ukumbi wa mkutano. Wanajeshi wamekuja kuonyeshana mashine za mazoezi — vifaru vya kwenye skrini, bunduki zisizo na risasi. Watu wazima wenye nyota mabegani wanagombea zamu kama watoto kwenye bembea! Tuko wasafishaji sita. Msimamizi kasema Ijumaa atabakiza mmoja, kazi ya kudumu, ya mchana. Akikuta uchafu, huna chako. Mungu wangu, nibaki mimi! Nimkute Bibie, mwanangu mdogo, macho. Kwa vibarua vyangu vya alfajiri hadi usiku namkuta kalala, nambusu visigino tu.

Jumanne, 10 Juni

Aibu! Asubuhi nimemkuta askari wa mpira, sanamu la ukubwa wa mtu, chini, mguu umekatika, damu sakafu nzima. Nikapiga deki. Nikamfuta uso. Hata mguu nikamwekea vizuri. Fundi wake akaja mbio, mikono kichwani: dada, umeniponyea majeruhi! Kumbe kazi ya askari huyo ni kuvuja damu, wauguzi wa jeshi wajifunzie kufunga vidonda. Na maji yake mekundu yamekwisha, wakubwa wanaingia baada ya nusu saa. Nikamwambia tulia, kaka. Nikachukua juisi nyekundu ya wageni, nikakoroga na uji wa Bibie uliobaki kwenye chupa mkobani. Damu ikashuka nzito, taratibu — mwenyewe nikamwonea huruma. Wakubwa wakapiga makofi!

Jumatano, 11 Juni

Sisimizi! Mstari mrefu, dirishani hadi gotini kwa askari. Sukari yote ile, na mimi sikuwaza. Nafika na ufagio, jenerali mmoja mnene kashainama: hata wadudu mmeweka? Kama vitani kabisa! Fundi hakupepesa jicho. Toleo jipya, mkuu. Jenerali: nani kabuni? Fundi akaninyooshea kidole mimi, na ndoo yangu!

Nikakimbilia stoo. Ndimo ninamoandika, juu ya katoni ya sabuni. Ukumbini msimamizi anafoka: nani kamwaga sukari humu? Sasa yuko mlangoni. Anagonga kwa ngumi. Na sauti nene ya jenerali nyuma yake — taratibu, mama, huyo binti namtafuta mimi. Msimamizi: mimi nimeanza kumtafuta! Wanabishana nani aingie kwanza.

Nimejifuta mikono. Nimejipanga niseme ukweli wote, uji na chupa yake. Nafungua — lakini kicheko hiki, jamani, nakificha wapi?