Kikao cha Chama cha Vipepeo Kuhusu Madume Waliokataliwa Bustanini

Tarehe: Jumatano, 11 Juni 2025, saa kumi alasiri
Mahali: Maabara ya shule, Gazi
Waliohudhuria: Luqman Chirau (Mwenyekiti), Mwanapili Swabir (Katibu), Hasina Nassir, Chome Tembo, Mwalimu Garama (Mlezi)
Asiyehudhuria: Thoya, bila udhuru. Alionekana uwanjani.

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Baada ya dua, Mwenyekiti aliwataka wajumbe waseme kwa ufupi. Yeye alizungumza dakika kumi na mbili.

KUMB. NA. 2/3/2025: BARUA YA NAIBU
Mlezi alisoma barua ya Naibu wa Mwalimu Mkuu. Ijumaa Chama cha Kilimo kitapewa bustani yetu wapande mchicha, isipokuwa tuonyeshe kwamba utafiti wetu ungali hai. Mlezi alikumbusha kwamba kazi yetu ni kuhesabu madume wanaokubaliwa na majike, na kwamba kwa mwezi mzima hesabu ni sufuri.

KUMB. NA. 3/3/2025: MADUME KUKATALIWA
Hasina alieleza kwamba amekaa bustanini siku tisa. Dume humfuata jike, humpigia mbawa usoni, na jike huruka zake. Mwenyekiti alidai kwamba majike wanatishwa na fulana nyekundu ya Chome. Chome alijibu kwamba aliivaa Aprili pia, "na walioana mbele yangu bila haya."

Katibu aliinua mkono. Hakuonekana. Hasina alisema, "Jamani, Mwanapili ana neno." Katibu aliomba karatasi yake isomwe na mwingine. Mlezi alikataa: "Isome mwenyewe, mwanangu. Hakuna atakayekula."

Katibu alisoma kwamba, kwa mujibu wa kitabu cha maktaba, madume wa vipepeo hawa wa rangi ya chungwa hufyonza magugu fulani yaliyokauka, na kutokana nayo hutengeneza harufu. Jike humchagua dume kwa harufu hiyo. Magugu hayo yalikuwa kando ya uzio hadi tarehe 9 Mei, yalipong'olewa. Haukupita muda, madume wakaanza kukataliwa.

Hasina aliuliza ni nani aliyeyang'oa. Mwenyekiti alifunga dirisha, kisha akakiri kwamba ni yeye. Alitaka bustani impendeze Naibu, na alisifiwa mbele ya shule nzima. Magugu yamo guniani, stoo.

Chome alisema, "Kumbe bwana wee umewapeleka maharusi ukumbini bila udi wala haludi!" Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Mlezi aliagiza yaandikwe.

KUMB. NA. 4/3/2025: HATUA
Iliamuliwa kwamba Mwenyekiti ayarudishe magugu mwenyewe. Alisema ana mgongo. Hoja yake haikuungwa mkono.

KUMB. NA. 5/3/2025: BUSTANINI
Kikao kilihamia bustanini. Mwenyekiti aliyatundika magugu uzioni, akipiga chafya. Hasina aliyanyunyizia maji. Baada ya dakika ishirini alitua dume mmoja, kisha wanne.

Naibu alipita akauliza takataka hizo ni za nini. Wajumbe walimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama Katibu. Karatasi ya Katibu ilikuwa imebaki maabara.

Katibu alimweleza Naibu yote, bila karatasi. Naibu aliinama akawatazama madume kwa muda, kisha akasema takataka hizo zisiguswe na mtu, na mchicha utafutiwe mahali pengine.

Wajumbe walitawanyika saa kumi na moja na nusu, madume wakiwa saba.

Mwenyekiti: L. Chirau (amesaini baada ya kuombwa mara mbili)
Katibu: Mwanapili Swabir