Hasira ya Mungu na Mchanga wa Mto

Jumatatu, 3 Februari
Nimefua. Nimefunga mbuzi kichakani. Kisha nikakaa na nabii Amosi, maana Jumapili hii ni zamu ya kuhubiri kitabu chake. Kila mwaka huwa namruka. Mungu anayekasirika namna ile simpendi. Nimesoma kidogo nikafunga Biblia. Uchovu tu.

Jumatano, 5 Februari
Ireri amekufa. Alikuwa anachimba mchanga mtoni apakie lori la Mzee Njeru, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu. Ukingo ukamwangukia. Walimfukua kwa mabeleshi, mwishowe kwa mikono. Mama yake anaimba kwaya. Hakuwa na mtoto mwingine. Nimekaa naye kutwa.

Alhamisi, 6 Februari
Njeru amekuja matangani. Ameahidi jeneza. Halafu akawaambia watu kwamba kiangazi hiki kirefu na kifo hiki ni jambo moja: Mungu amekasirika kwa sababu sisi watu wa Siakago tumemwacha. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama Ireri akanigeukia.
“Pasta, ni mimi nilimkosea Mungu?”
Nikasema hapana. Kwa sauti ndogo mno. Njeru ndiye aliyetuletea mabati ya kanisa, na kila mtu anajua.

Ijumaa, 7 Februari
Nimemsoma Amosi mpaka mwisho, kisha Mika. Kumbe hasira ya Mungu niliielewa vibaya. Nilidhani ni hasira ya mkubwa aliyenyimwa heshima. Sivyo. Nyimbo analetewa, sadaka analetewa, na hazitaki. Kinachomkasirisha ni mnyonge kukanyagwa na wanaomkanyaga kuja kuimba. Visima vya akina mama pale mtoni vimekauka kwa sababu mchanga uliokuwa ukihifadhi maji umebebwa. Hasira hiyo iko upande wa Mama Ireri. Mimi niko upande gani, chini ya mabati yale? Naogopa.

Jumapili, 9 Februari
Nimehubiri. Nilisema: “Mungu hakumuua Ireri. Ameuawa na ukingo uliochimbwa kwa chini, na aliyeagiza uchimbwe tunamjua. Mungu amekasirika, ndiyo. Lakini si kwa huyu mama.”
Njeru akainuka, akatoka. Wazee wengine wakamfuata. Kwaya ilibaki imekaa. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

Jumanne, 11 Februari
Askofu amepiga simu. Kwa upole kabisa. Nahamishiwa kanisa la Ishiara kabla ya Pasaka. Jeneza nalo halitakuja. Mtoni wanachimba kama kawaida. Nilidhani nikisema kweli nitasikia nafuu. Sisikii kitu.

Alhamisi, 13 Februari
Tumemzika Ireri. Wanakwaya walipiga mbao wenyewe, jeneza likatoka limepinda upande mmoja. Njeru hakuja.
Watu walipotawanyika nikabaki jikoni kwa Mama Ireri. Alikuwa na ndengu kidogo, zile chache zilizopona kiangazi. Tukachambua, ungo mmoja, watu wawili. Halafu akauliza kama Mungu akikasirika huwa analia pia. Nikamkumbuka nabii Yeremia, mahali ambapo huwezi kujua anayelia ni nabii au ni Mungu. Nikamwambia nadhani kwa Mungu hasira na kilio ni kitu kimoja.
Akafikiri.
“Basi juzi nilipokuwa nalia alikuwa hapa,” akasema, akasogeza ungo upande wangu.
Tukaendelea kuchambua.