Magoti ya Nerima

Busia, 4 Mei 2025

Wifi yangu Damalie,

Hujambo huko Nairobi? Umelala vizuri? Umekula chakula cha kueleweka, au bado ni chai na biskuti kama mwanafunzi? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Kaka yako Wandera yuko Juba na lori la mchele, na simu yake inapatikana ikitaka yenyewe.

Mwanangu Nerima anakunywa dawa za magoti ulizomwandikia. Asubuhi anatembea kama bibi kizee mpaka jua lipande, halafu anacheza na wenzake. Lakini wifi, uso umejaa! Sokoni wanamwita Mandazi, naye analia. Nilitaka kupunguza zile dawa kidogo tu. Kukuuliza kwa simu niliogopa, maana utanipigia kelele, sasa nauliza hapa kwa ujumbe. Shule wamefunga, na wiki hii nakwenda naye kwa mama yangu, kijijini Nabuyoga, kupalilia karanga.

Wifi yako,
Athieno

Nairobi, 5 Mei 2025

Mpendwa wifi,

Mimi mzima, na chai na biskuti ni kweli. Wewe mgongo vipi? Mpe Mandazi wangu busu.

Kelele utazipata hata kwa maandishi: usipunguze hata robo ya kidonge! Uso utarudi wenyewe. Mwili wa Nerima unajipiga wenyewe, na dawa hizo ndizo zinazoushika mkono. Ukiziacha ghafla tutamweka pabaya.

Tarehe kumi na nne nasafiri Uholanzi kuwasomea madaktari wakubwa utafiti wangu wa watoto wa Busia na Tororo. Watu huniuliza mwanamke mzima anatafuta nini miaka yote hii kwenye magoti ya watoto. Sasa nitawajibu, ingawa naogopa. Lakini Nerima akipata homa, niambie. Hata kama niko angani, niambie. Tafadhali usinifiche kitu.

Shangazi wa Nerima,
Damalie

Nabuyoga, 14 Mei 2025

Wifi yangu mpenzi,

Habari za safari? Mama yangu Florence anakusalimu sana, anauliza huko Ulaya wanakula karanga?

Leo nina habari ya kukufurahisha. Magoti ya Nerima yamepungua! Yote mawili, membamba kama zamani, na dawa sikupunguza, naapa. Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Sasa naweza kukuambia yale mengine. Alishikwa na homa tangu wiki jana. Nilinyamaza kwa sababu kwetu mtu anayejiandaa na safari kubwa haambiwi mambo ya kumrudisha nyuma, na mama alinikataza kabisa. Zamani homa ilikuwa inakuja jioni inaondoka, sasa inashinda naye tu. Ni malaria hiyo, tumempa dawa. Analala sana. Jana jino lake la mbele lilitoka, akalitupa juu ya bati kuomba lingine, lakini damu ya fizi imekataa kukauka, mto wote umelowa. Meno ya utoto yana mambo!

Simu inazimika, naipeleka dukani kuchajiwa. Usiogope hao wazungu.

Wifi yako,
Athieno

Amsterdam, uwanja wa ndege, 15 Mei 2025

Athieno,

Salamu nitakupa baadaye, nisamehe. Nimeshuka sasa hivi, nimesoma ujumbe wako, nimekaa sakafuni watu wananiruka na masanduku yao.

Mpeleke Nerima hospitali Tororo. Sasa hivi. Chukua boda, chukua chochote, acha karanga.

Magoti kupungua siyo kupona! Homa haishuki, mtoto analala tu, fizi zinatoka damu, halafu magoti yanapungua: mwili umeacha magoti, umegeukia damu yake mwenyewe. Nilikuwa daktari mchanga alipokuja mama mmoja kutoka Mwello na kuku mkononi, kutushukuru kwamba magoti ya mwanawe Omaido yamepungua. Wodi nzima tulifurahi. Jumamosi yake tulimzika Omaido. Tangu siku ile sijafanya kazi nyingine, na hicho ndicho nilichokuja kusema huku.

Hata wakiona malaria, waambie kuna na hili. Mtafute Daktari Emojong, nimeshampigia, anajua la kufanya. Nijibu.

Damalie

Amsterdam, 16 Mei 2025

Wifi,

Ujumbe wa jana una tiki moja tu, haujakufikia. Simu yako haipatikani, ya Wandera pia.

Emojong ametafuta gari la kuwafuata. Akaniuliza kwa mama Florence ni wapi, na mimi sijui kumwelekeza! Nilicheza kwenye harusi yenu pale mpaka kiatu kikakatika, na sijui njia. Nimemwambia aulize mama anayesaga karanga. Tiketi ya kurudi niliyopata ni ya tarehe ishirini na moja, za karibu zimeisha. Kesho nasimama mbele ya watu na sijui sauti itatoka wapi.

Naogopa, Athieno. Naogopa sana. Andika hata neno moja.

Shangazi yake

Tororo, hospitalini, 21 Mei 2025

Wifi yangu,

Najua uko kwenye ndege, utasoma ukishuka. Pole kwa safari, pole kwa yote. Simu ilibaki dukani Nabuyoga, leo ndiyo mama ameniletea.

Gari lilitukuta shambani. Mama aliwafukuza na jembe, akidhani ni wezi wa watoto, mpaka wakataja jina lako. Nerima alikuwa hanijui tena, wifi. Nilimwita, akaniangalia kama mtu wa njiani. Emojong akasema ni kile ulichosema. Wamemwekea damu, wakamchoma dawa kali za mshipani kila siku, nami nimekaa chini kando ya kitanda naogopa hata kwenda chooni, nisije nikarudi nikakuta shuka limefunika uso.

Homa ilishuka jana. Damu ya fizi imekauka. Emojong anasema tusishangilie bado, kwa hiyo sijashangilia.

Lakini leo asubuhi Nerima ameamka analia, anasema, "Mama, magoti." Nikafunua shuka. Yamevimba, wifi! Yote mawili, mekundu, ya moto, kama siku ya kwanza. Nilipiga vigelegele peke yangu, nesi Patricia akaja mbio akidhani nimepata wazimu.

Njoo haraka uyaone.

Wifi yako,
Athieno