Nimeitoa Filta ya Shabani

Jumamosi. Joto la kunata tangu asubuhi, mawingu yamejaa na mvua hainyeshi. Na mimi hivyo hivyo, nimejaa tu. Ningelia ingekuwa nafuu, lakini machozi yenyewe yananikatalia.

Wapo mnaopita humu bloguni mkiniuliza, maana mnajua siku hizi naendesha pikipiki: hizi filta za hewa za kununua pembeni, zile za koni zinazopangwa madukani mtaa wa Gerezani, nyekundu na bluu kama pipi, zina maana yoyote au ni kupigwa tu? Leo nina jibu. Sikulitaka, lakini ninalo.

Pikipiki si yangu. Ni ya kaka yangu Shabani, aliyefariki kabla ya Ramadhani iliyopita kwa homa ya siku chache. Alikuwa bodaboda. Baada ya arobaini mama akasema pikipiki haiuzwi. Duka la vitenge ninalofanyia kazi hapa Kariakoo lilikuwa linatafuta mtu wa kupeleka mizigo Upanga na Posta, basi nikajifunza kuendesha. Wanaume wa kijiweni walicheka mpaka wakachoka. Sasa wananisalimia.

Shabani alikuwa mtu wa mbwembwe. Filta iliyokuja na pikipiki, ile ya sponji inayokaa ndani ya kisanduku chake, aliing'oa, kisanduku akakitupa, akafunga koni inayokaa wazi. Eti injini inapata pumzi, eti inapaa. Uongo mtupu. Haiendi kasi hata kidogo. Inachofanya ni kuvuta hewa kwa kishindo, inakoroma kama mzee aliyeshiba ubwabwa.

Lakini koromo hilo mama alilijua. Tumepanga nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko, na jiko la mama liko uani. Akisikia Shabani anakata kona, anaweka chapati kwenye kikaango ipate moto, Shabani akimaliza kuegesha sahani iko tayari. Pikipiki zinapita mtaani kwetu kutwa nzima na sijawahi kuona hata moja ikimdanganya.

Siku ya kwanza nilipoirudisha mimi nyumbani, nilikuta chapati mbili kwenye sahani. Nikaogopa. Nikadhani mama ameanza kuchanganyikiwa.

"Zuhura, akili zangu timamu," akaniambia. "Mwanangu nimemzika, najua. Ila ukikata ile kona, kabla sijakumbuka, nakuwa bado na watoto wawili."

Nilikula zote mbili.

Tangu hapo nikifika kona napunguza mwendo makusudi, halafu navuta mafuta kidogo, ikorome vizuri. Mtu mzima mimi, nimekuwa mpiga tarumbeta.

Sasa mji wenyewe mnaujua. Kariakoo ghorofa hili linabomolewa, lile linajengwa, vumbi la saruji unalikuta mpaka kwenye chai. Koni ya wazi inalivuta lote. Nikajifanya mjanja, nikaivalisha soksi ya nailoni ya mama, ile ya kuendea harusini, kama walivyonifundisha kijiweni. Mvua ikaja, soksi ikalowa, pikipiki ikakosa pumzi, ikanizimikia Mnazi Mmoja na robota la vitenge kwenye keria. Nikaivua soksi. Haikupita muda ikaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili.

Leo nimeipeleka Gerezani kwa Fundi Saidi, aliyekuwa rafiki wa Shabani. Akachomoa koni, akaingiza kidole kwenye koo la kabureta, akanionyesha. Mchanga, laini kama unga, umegandana na mafuta. Kasema silinda imeanza kuchubuka, ila bado inatibika kwa ringi mpya. Nikiendelea na koni, injini inakufa. Nikamuuliza kama hakuna koni nzuri zaidi. Akasema zipo, zinataka kuoshwa na kupakwa mafuta yake maalumu kila mara, na hata hizo hazikutengenezwa kwa vumbi la namna hii. Nikauliza tena. Nadhani niliuliza mno, maana aliweka spana chini akaniangalia.

"Zu, unataka injini au unataka kelele?"

Wallahi nilitaka kumwambia nataka kelele. Ilikuwa mdomoni kabisa.

Lakini injini ikifa, pikipiki itabaki imeegeshwa uani, na mama ataitazama kila anapopika. Hiyo siiwezi. Nikavuka barabara hadi kwa Mangi, muuza spea, nikanunua ringi, filta orijino na kisanduku chake, Saidi akafunga. Koni ya Shabani akaiviringisha kwenye gazeti, akanipa.

Basi jibu lenu hilo hapa: hazifai. Kwa vumbi letu, baki na filta iliyokuja na pikipiki, isafishe, ikichakaa badilisha. Koni inakupa kelele tu.

Jioni nimerudi nyumbani. Pikipiki inatembea laini kuliko siku zote nilizoijua. Nimekata kona, nikavuta mafuta. Kimya.

Nimemkuta mama uani amekaa kwenye kigoda, mkaa umeshakolea, kikaango kiko chini. Ameniangalia mimi, kisha pikipiki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, habari za vumbi na silinda. Nikaitoa ile koni kwenye gazeti nikampa. Ameishika, ameipangusa kwa pindo la kanga, polepole, kama anampangusa mtoto pua.

"Umefanya vizuri, mwanangu," amesema. "Ila leo nimekumbuka mapema."

Kisha akabandika kikaango na kuweka chapati. Moja.

Nimeila mbele yake mpaka ikaisha. Sasa nimejifungia chumbani naandika haya, na hayo machozi yaliyonikatalia tangu asubuhi yamekubali.

Saidi ametengeneza na honi, iliyokuwa bubu tangu enzi za Shabani. Marehemu alikuwa akisema mwenye koni hahitaji honi. Kesho nikifika kona nitaipiga, chapati ipate moto, mama ajue nani anakuja.

Mimi tu.